Kiti cha Mpwa

Barnabé Mwepu aliachishwa kazi Jumatatu, na Jumanne asubuhi alikuwa mbele ya kioo akifunga vifungo vya shati lake jeupe, lile la misa.

"Unaenda wapi na shati hiyo?" mkewe Clémentine alimuuliza.

"Kutafuta kazi."

"Muntu anatafuta kazi na shati ya misa?"

"Mama Philippe, minye siendi kuomba. Naenda kubaonyesha kitu chenye banakosa."

Clémentine alicheka polepole ili asimwamshe Philippe, mwana wao wa kwanza, ingawa usiku kucha hakulala. Mume wake alikuwa hivyo tangu ujana wao. Hata mvua ikimnyeshea njiani, alifika akiwa na sura ya mtu aliyeiagiza.

Ulikuwa ule mwaka Katanga ilipojitenga na Kongo, ikawa na bendera yake, pesa zake na askari wake. Kwenye makaratasi mji uliitwa Jadotville. Mdomoni uliitwa Likasi, kama ulivyoitwa siku zote. Mzungu aliyekuwa na karakana ya samani, ambamo Barnabé alikuwa seremala tangu kuoa, alipakia misumeno na mashine kwenye lori, akawapa mafundi mkono mmoja mmoja, akasema atarudi, kisha akashika njia ya Ndola, ng'ambo ya mpaka. Hakuna aliyemuuliza atarudi lini. Nyumba alimokaa Barnabé ilikuwa ya karakana, na karakana ilikwisha kuuzwa kwa mfanyabiashara mmoja aliyetaka kuweka humo magunia ya unga. Aliwapa hadi mwisho wa mwezi wahame.

Kazi ikikosekana, wangerudi kijijini kwa baba yake Clémentine. Huko kulikuwa mbali, na kila daraja lilikuwa na askari wake. Clémentine alikuwa na mimba ya kukaribia kuzaa. Barnabé hakuogopa shamba, alilima vizuri. Alichokataa ni mtoto wake kuzaliwa katika ua wa wakwe huku yeye amekaa pembeni, mtu mzima asiye na kazi, akingoja kuitwa kula.

Alienda Mulungwishi kwanza. Watu wa misioni walimpokea kwa heshima, wakampa maji na kiti, wakamwambia maseremala wao wanatoka katika shule yao wenyewe na wamekwisha kuwa wengi kuliko mbao. Akaenda Kamatanda, kwenye machimbo. Huko walitaka watu wa sururu na beleshi, kazi ya siku moja moja, leo uko, kesho haumo. Akashukuru, akarudi.

"Umekataa?" Clémentine aliuliza, mikono kiunoni. "Baba Philippe, umekataa kazi?"

"Sururu inaharibu mikono. Nikiharibu mikono leo, kesho nitaonyesha nini?"

"Utaonyesha magunia ya unga namna gani yanalala mu chumba chetu!"

Aliposema hivyo Barnabé alikaa akanoa patasi mpaka hasira ya mkewe ikapoa, kisha akamwambia habari aliyoisikia njiani. Kiwanda cha mbao cha Bwana Georges, mzungu ambaye hakuondoka, kule ng'ambo ya reli, kingechukua maseremala Jumatatu inayokuja. Kazi ya kudumu. Kapita, yaani msimamizi wa wafanyakazi, ndiye angesimama langoni kuchagua.

"Unamujua huyo kapita?"

"Simujui. Na yeye hanijui. Ni vizuri hivyo."

Ilikuwa vizuri kweli, kwa sababu mwaka ule kila lango lilikuwa na swali lake. Zamani mtu aliulizwa anajua kufanya nini. Sasa aliulizwa kwanza: weye wa wapi? Na jibu lingeweza kumfungulia mtu mlango au kumfungia, hata kumfukuza mjini na watoto wake. Barnabé alichoka na swali hilo. Yeye alipendelea lile la wazee: weye wa ukoo gani? Hilo halikumdhuru mtu. Hilo lilileta kicheko.

Barnabé alikuwa wa bena Bowa, ukoo wa uyoga. Ukoo huo una watani wake tangu mababu, nao ni bena Mvula, ukoo wa mvua. Wakikutana, mtu wa mvua humwambia wa uyoga kwamba asingenyesha yeye, mwenzake asingeota. Wa uyoga hujibu kwamba asingeota yeye, nani angejua kama matope yana faida? Hapo hutukanana mpaka machozi ya kucheka yatoke, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Lakini utani una kazi yake nzito pia. Mtu wa Mvula akifa, ni bena Bowa wanaochimba kaburi, na ni wao wanaokuja kuchekesha kilio, wamwige marehemu, wawanyang'anye wafiwa viti na kofia, ili watu wasife kwa majonzi.

Sasa ikatokea kwamba Ijumaa ya wiki ile ile, siku chache kabla ya Jumatatu ya kiwanda, Mzee Nicolas akafa.

Mzee Nicolas alikuwa mwina Mvula, yaani mtu wa ukoo wa mvua, mstaafu wa reli aliyekaa mtaa wa Kikula nyuma ya soko. Kila Jumapili baada ya misa alimngoja Barnabé kando ya mlango wa kanisa, amejitegemeza kwenye fimbo, amtukane. "Bowa, ungali unaishi? Na wiki hii sikunyesha hata tone!" Barnabé alimjibu, wakasindikizana hadi sokoni wakichambana, watu wakigeuka kuwatazama. Mzee hakujua mengi juu ya Barnabé, wala Barnabé juu ya mzee. Utani hauhitaji mengi. Hata hivyo habari ilipofika, Barnabé aliweka kikombe chini na hakukinywa tena.

"Nenda," Clémentine alimwambia. "Weye njo mutani wake, si mwingine. Akikosa kuzikwa na weye, atakuja kukutukana mu ndoto."

Jumamosi alfajiri Barnabé alichimba kaburi pamoja na wenzake wa ukoo, udongo mwekundu ukiwa mzito kwa mvua ya jana. Alipomaliza alinawa, akaenda nyumbani kwa marehemu. Ua ulijaa. Wanawake walikuwa wanalia, na kilio kilikuwa kimefika pale ambapo hakiendi mbele wala hakirudi, kimekuwa kama jiwe juu ya vifua vya watu. Barnabé alijua hapo ndipo kazi yake inapoanzia.

Aliingia uani akitembea kama Mzee Nicolas, mguu mmoja ukiburuzwa, akikohoa kile kikohozi chake cha kuita watu. "Nani amekufa?" alipaza sauti. "Mvula? Mvula gani? Hii yenye ilikuwa inanyesha mate tu?" Mwanamke mmoja akapasuka kicheko katikati ya machozi. Mwingine akafuata. Barnabé akaenda hadi kwenye jeneza, akaligonga na vidole. "Mbao hii ni nzuri kuliko weye, mzee. Ukitoka utuachie." Kicheko kikaenea. Jiwe lilikuwa linaanza kusogea.

Kichwani pa jeneza kulikuwa na kiti, na juu ya kiti mwanamume wa makamo, koti jeusi, uso mkavu, haongei na mtu. Wazee wa bena Mvula walimzunguka. Barnabé alimtazama akamtambua mara moja. Si kwa sura, kwani hakuwahi kumwona, bali kwa kiti. Kiti hicho ni cha mpwa, mtoto wa dada wa marehemu, mrithi wake. Kwa watu hawa ukoo hupita kwa mama, na mali ya mtu humfuata mpwa wake. Basi huyu ni Mvula mkubwa, na mtani hapaswi kumpita bila kumgusa.

"Na huyu mvua ndogo?" Barnabé aliuliza, akishika mgongo wa kiti. "Mujomba hajapoa, umekwisha kukalia kiti? Simama! Umekuja kulia, ao umekuja kurithi baiskeli?"

Akakivuta kiti.

Mtu yule aliinuka kabla hajaanguka. Hakucheka. Alimtazama Barnabé kwa muda, kisha akapita katikati ya watu, akatoka nje ya ua. Na Barnabé akasikia ua wote umenyamaza. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anacheka bado, kijana mnene aliyekaa kwenye ngazi, ameshika tumbo kwa mikono miwili.

Bibi kizee aliyekuwa anasonga ugali, Mama Angèle, alimvuta Barnabé kwa mkono wa shati.

"Mutoto, umefanya nini? Yule si mwina Mvula!"

"Amekaa mu kiti cha mupwa."

"Mupwa amekwama kule Bukama, njia imefungwa, askari hawapitishi muntu! Kiti kilikuwa wazi tangu jana, wazee wakasema mutoto wa marehemu akae, kiti kisibaki bure. Yule ni Germain, mutoto wake wa kuzaa. Mama yake alikufa zamani, kule Mulungwishi. Na unajua mama yake alikuwa ukoo gani?"

Barnabé alijua kabla hajaambiwa.

"Bowa," Mama Angèle alisema. "Bowa kama weye. Umemutukana ndugu yako siku ya kifo cha baba yake."

Kijana mnene aliyekuwa anacheka alifika akifuta macho. Jina lake Ambroise, naye alikuwa mwina Mvula halisi, tena msaidizi wa kapita kwenye kiwanda cha Bwana Georges.

"Bowa," alisema, "tangu nizaliwe sijaona uyoga unajing'oa wenyewe! Na unajua umemung'olea nani kiti? Germain njo kapita wetu. Alitoka Kolwezi mwezi uliopita. Nasikia unatafuta kazi. Jumatatu utakuja mu lango? Ah, uje! Tafazali uje. Ninataka kuona."

Walizika mchana. Barnabé alibeba jeneza na wenzake, akafukia udongo, hakufanya utani tena. Nyumbani alimweleza Clémentine yote bila kuficha. Clémentine alisikiliza, akaketi chini polepole na tumbo lake.

"Sasa hauwezi kwenda kule."

"Nitaenda."

"Baba Philippe!"

"Nitaenda kesho kwake. Kisha Jumatatu nitaenda mu lango. Yote mawili."

"Na kama atakufukuza?"

"Anifukuze kwa kile chenye nilifanya. Si kwa kujificha."

Alisema kwa sauti yake ya siku zote. Lakini usiku huo Clémentine alimsikia akigeuka geuka kitandani, na hakumwambia kwamba amesikia.

Jumapili baada ya misa hakuna mtu aliyemngoja Barnabé kando ya mlango wa kanisa. Alisimama pale kidogo, kwa mazoea, kisha akaenda kutafuta kuni. Mtu aliyemkosea mfiwa haendi mikono mitupu, na wala hapeleki zawadi, maana kilio si harusi. Hupeleka kuni kwa moto wa kilio. Alibeba mzigo mzito begani hadi Kikula, akautua mbele ya Germain, aliyekuwa amekaa juu ya mkeka sasa, akachochea moto mwenyewe kabla ya kusema neno.

"Yaya," alianza, kama mtu amwitavyo kaka yake mkubwa.

"Usiniite yaya."

"Basi, kapita. Nilikosea. Niliona kiti, sikuona muntu."

Germain aligeuka kuitazama nyumba ya baba yake.

"Unajua minye napata nini kwa baba yangu?" Germain alisema. "Hakuna kitu. Nyumba ni ya mupwa, fimbo ni ya mupwa, hata ile baiskeli. Njo desturi, sikatai. Nilikaa mu kile kiti kwa sababu waliniomba, na nilikuwa nasema moyoni, sawa, leo tu nitakuwa karibu na kichwa chake. Leo tu. Weye ukaja ukasema nimekuja kurithi."

Barnabé aliinama kwenye moto. Aliongeza ukuni. Moshi ukawaingia wote wawili machoni, na ikawa rahisi kwa kila mmoja kupangusa uso.

"Baba alikuwa anatembea kweli vile ulitembea," Germain alisema baadaye, kwa sauti nyingine.

"Kila Jumapili. Alikuwa ananingoja mu mulango wa kanisa."

"Alikuwa anakutukana?"

"Vibaya sana."

Germain akatikisa kichwa, na pembe ya mdomo wake ikasogea. Wakakaa. Watu walikuja, wakasalimu, wakaondoka. Barnabé aliona kwamba angeweza kuinuka sasa na kwenda zake kwa amani. Hapo ndipo aliposema:

"Iko na jambo ingine. Minye ni seremala. Kesho nitakuja mu lango la kiwanda. Nakuambia leo, usifikiri kuni hizi nilileta kwa ajili ya ile."

Germain akamgeukia. "Voilà. Jana mutani, leo ndugu, kesho mufanyakazi!"

"Kazi niliitafuta mbele ya kujua weye ni ndugu yangu. Na kusema kweli, undugu huu umenichelewesha."

Germain alicheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Kicheko kifupi, kama mtu aliyejikwaa. Lakini uso wake ukarudi kuwa mgumu.

"Sikiliza, Barnabé. Kapita wa mbele yangu alijaza kiwanda na watu wa kwao. Wengine wakaanza kupigana, mwaka huu weye mwenyewe unauona namna gani. Bwana Georges alimwondoa. Minye aliniapisha: nisilete ndugu hata mumoja. Kama ungekuwa mutani wangu kweli, kesho ningekuchukua. Ndugu, siwezi."

"Sikuombi unichukue."

"Kesho sitakuwa mu lango. Naketi hapa mpaka majivu ya moto huu yafagiwe, kilio kiishe. Ambroise njo atachagua. Sitamwambia ndiyo, sitamwambia hapana."

"Inatosha," Barnabé alisema, akainuka akijikung'uta magoti.

Jumatatu langoni kulikuwa na umati. Wengine walikuwa na barua za waajiri wao wa zamani, wengine na mikono tu. Bwana Georges alisimama kwenye ngazi ya ofisi, kofia machoni, akitazama. Ambroise alipita mbele ya watu, akanyoosha kidole: weye, weye, si weye, weye. Alipofika kwa Barnabé akaruka nyuma kama aliyekanyaga nyoka.

"Ati nini hii? Nani ameacha uyoga uote mbele ya lango ya kazi?"

"Umenyesha usiku kucha, nikaota," Barnabé alijibu. "Mvula ya kunenepa kama weye, nani atazuia?"

Watu wakacheka. Ambroise akamzunguka, akamtukana kuanzia viatu hadi nywele, na Barnabé akamrudishia neno kwa neno. Bwana Georges alishuka ngazi. Alijua Kiswahili cha kazini, cha kuamrisha na kuhesabu mbao.

"Ambroise! Huyu ni ndugu yako?"

"Ndugu yangu? Patron, huyu ni adui ya babu zangu! Muulize muntu yoyote. Siwezi kumupendelea hata nikilipwa."

"Anajua kazi?"

"Alitengeneza makabati kwa yule patron alienda Ndola. Mu nyumba yako iko na moja."

Bwana Georges akamtazama Barnabé, akaitikia kwa kichwa, akaanza kugeuka. Mlango ulikuwa wazi. Kilichobaki ni kuingia. Barnabé alimfikiria Clémentine amekaa chini polepole na tumbo lake. Akafikiria pia siku ambayo mtu fulani, kwa wivu tu, angeenda ofisini kunong'ona kwamba kapita amemwingiza ndugu yake kwa mlango wa nyuma.

"Patron," alisema. "Kapita Germain ni ndugu yangu wa ukoo."

Ambroise akafumba macho.

"Ndugu?" Bwana Georges alirudi hatua moja. "Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi."

"Jumamosi? Unapata ndugu Jumamosi namna gani?"

"Nilimutukana mu kilio cha baba yake. Nilifikiri ni mutani. Nikamuvuta kiti."

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa nyuma kabisa, kisha lango zima likalipuka, maana hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Bwana Georges peke yake ndiye aliyesimama kama mti. Ambroise akamsogelea akamweleza kwa Kifaransa, kwa mikono, kwa kuigiza kiti kinavyovutwa na Germain anavyoinuka. Mzungu alisikiliza akikunja uso. Mwishowe akauliza: "Na Germain alisema nini?"

"Alisema hawezi kunichukua kwa sababu ni ndugu," Barnabé alijibu mwenyewe. "Yuko kwa kilio mpaka leo. Unaweza kutuma muntu akamuulize."

Bwana Georges alipigapiga kiganja kwa penseli. Ingeweza kwenda huku au kule, na Barnabé alijua. Alisimama wima ndani ya shati lake la misa na hakushusha macho.

"Hakuna mtu anayeingiza ndugu yake namna hiyo," mzungu alisema. "Aingie. Mwezi mmoja wa kujaribu."

Waliondoka nyumba ya karakana kabla mwezi haujaisha, wakapanga chumba Kikula kwa mjane mmoja, karibu na pampu ya maji. Mtoto alizaliwa humo, msichana.

Majivu ya kilio yalifagiwa baada ya mtoto kuzaliwa, na siku iliyofuata Germain alirudi kazini, kichwa kimenyolewa. Alipita kati ya meza za maseremala akitazama kazi ya kila mmoja. Kwa Barnabé alisimama. Barnabé alikuwa amekamilisha fremu ya dirisha, na aliona ni nzuri. Germain aliishika, akaigeuza, akaingiza ukucha kwenye pembe.

"Hii inacheza," alisema. "Rudia."

Barnabé akairudia. Germain akairudisha tena, na tena, mbele ya watu wote, huku Ambroise akipiga kelele kutoka upande wa pili kwamba uyoga hauna mifupa, utashikaje fremu. Jioni Barnabé alifika nyumbani na mikono imechubuka, akakaa kwenye kizingiti, akavua viatu.

"Namna gani kule?" Clémentine aliuliza, mtoto kifuani.

"Mumoja ananirudisha kazi mara tatu. Mwingine ananitukana kutoka asubuhi mpaka magharibi." Alinyoosha miguu, ameridhika. "Hakuna hata mumoja anayenihurumia. Tutakaa, Mama Philippe. Pale tutakaa."